Mchoraji na mfasiri wa kitabu cha mtoto nao wana majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache, ingawa wanaonifahamu watakuambia machache yangu huwa marefu. Ikikulazimu kupunguza, punguza huku mwanzoni ninakojieleza, kule mbele uniachie.

Mwezi Aprili mlitoa ukurasa mzima kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, ambayo huwa tarehe 2 ya mwezi huo, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, yule mtunzi wa hadithi za watoto wa Denmark. Makala ilikuwa nzuri, nimeikata na kuihifadhi. Mwandishi wa vitabu alihojiwa, mchapishaji alihojiwa, mwalimu mkuu mmoja wa Arusha alihojiwa, hata mzazi aliyekutwa dukani akinunua madaftari naye aliulizwa. Katikati ya ukurasa mkaweka mchoro mkubwa: mtoto ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, anasoma, na nyuma yake mbuzi anatafuna kona ya kitabu. Chini mkaandika, "Picha kwa hisani ya mchapishaji." Mchoro ule si wangu, nisije nikaambiwa najipigia debe. Lakini mkono uliouchora naujua, na mwenye mkono haitwi Hisani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimechora vitabu vya watoto, na baadaye nikawa navifasiri pia. Mjini Moshi bado nasalimiwa "Shikamoo mwalimu" na watu wenye mvi, na sijawahi kusalimiwa na mtu kwa ajili ya kitabu, ijapokuwa najua ndani ya nyumba zao vimo.

Nilizaliwa Kidia, Old Moshi. Baba alifanya kazi kwenye maghala ya kahawa ya KNCU, chama kile cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, na kazi yake ilikuwa kuandika magunia. Alikuwa na bamba za bati zilizotobolewa herufi na tarakimu. Unaweka bamba juu ya gunia, unachovya brashi ngumu kwenye wino mweusi, unakung'uta, halafu unagongagonga. Hupaki. Ukipaka, wino unapenya chini ya bamba na herufi inaota ndevu. Bamba zilizochakaa alizileta nyumbani, nami nikawa nachora nazo kwa masizi kwenye maboksi. Baba hakuwa mtu wa kueleza sana, ila aliwahi kunionyesha ile pembetatu iliyo ndani ya herufi A. "Hapa usiguse," akasema. "Ukipajaza hapa, huna herufi." Mafunzo mengine yote ya uchoraji niliyopata baadaye, kwenye semina na kwenye vitabu, yalikuwa ni kuiongezea maneno sentensi hiyo.

Nikasomea ualimu Marangu, nikapangiwa Uru miaka ya themanini mwanzoni. Waliofundisha enzi zile wanakumbuka hali ya vitabu. Nilichora zana za kufundishia mwenyewe, kwenye manila ikipatikana, na isipopatikana kwenye upande wa ndani wa mifuko ya saruji, ambao ni karatasi nzuri sana ukishaikung'uta vumbi. Mkaguzi mmoja alikuja akaona ukuta wangu. Hakusema neno siku ile, lakini baadaye ikaja barua ya kuniita semina.

Mwaka 1991 ulikuwa umeanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, na ulikuwa ukikutanisha waandishi, wachoraji na wachapishaji, kisha kununua sehemu kubwa ya nakala za vitabu vilivyotoka na kuvigawa mashuleni. Wengi wetu tunaojiita wachoraji wa vitabu vya watoto tumepitia mlango huo. Pale ndipo nilipojua kwa nini kitabu cha picha kina kurasa 16, au 24, au 32, hakina 19: karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa na kukunjwa tena, na kurasa zinazaliwa kwa mafungu. Ndipo nilipojua pia kwamba ndani ya kitabu chetu rangi itakuwa moja tu, nyeusi. Rangi kamili inataka sahani nne za kuchapia, na kwa mchapishaji anayetoa nakala elfu chache hiyo ni gharama ya kumlaza macho.

Kwa hiyo nilijifunza kuchora kijani kwa wino mweusi. Chukua mgomba. Jani la mgomba likichomoza ni zima, lakini upepo ukilipitia siku mbili tatu linachanika, kuanzia ukingoni mpaka kwenye uti wa katikati, na yale makavu ya chini yananing'inia kuzunguka shina. Mchoraji asiyekaa migombani huchora majani mazima mti mzima. Watoto wa Uru wakiyaona wanacheka: "Mwalimu, hii migomba ya dukani." Basi kitabu kimekwisha. Mtoto akishakugundua kwamba hujui mgomba, hata fisi wako hamwogopi.

Nikupe mfano mwingine, maana watu hudhani mchoraji kazi yake ni kupamba tu. Niliwahi kuletewa hadithi ya kijana wa Kibosho, huku mlimani kwetu, mwandishi wake mtu wa mkoa mwingine. Maelekezo yakasema nichore kijana akichunga kundi la ng'ombe mbugani, mlima kwa nyuma. Kibosho! Ng'ombe wa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, hachungwi, anafungiwa bandani na majani anafuatwa nayo. Kijana wa Kibosho utamwona na mzigo wa majani kichwani, uso hauonekani, macho yanachungulia kati ya mabua. Nikachora hivyo. Nikaweka na masale kwenye mpaka wa kihamba, na mfereji mdogo wa maji unaopita chini yake. Mhariri akanipigia simu kuuliza mbona ng'ombe haonekani vizuri, na hayo majani marefu ya mpakani ni mahindi? Tukaelewana. Mwisho wa yote mwandishi mwenyewe, muungwana kabisa, alibadili aya mbili za hadithi zifuate mchoro. Jina langu lilikuwa wapi? Ukurasa wa pili, chini ya anwani ya sanduku la posta la mchapishaji, kwa herufi ambazo baba angesema hazina hata haja ya kugongwa.

Michoro ilisafiri kwa basi. Niliifunga katikati ya plaiwudi mbili, nikazungushia nailoni, nikamkabidhi kondakta stendi alfajiri.

"Mama, hiki ni kioo?"

"Ni kioo, baba. Kiweke juu."

Ningesema ni karatasi, ingefika Dar es Salaam ikiwa chini ya mikungu ya ndizi. Siku hizi mjukuu anapiga skani na mambo yanaisha jioni hiyo hiyo, lakini nakiri nilipenda kuona basi likiondoka.

Sasa nije kwenye kuku, kwa sababu kuku ndiye aliyenifanya nishike kalamu leo.

Kuna kitabu kimoja ambacho hadithi yake inahusu ugomvi wa majirani. Kuku hatajwi popote. Mimi nilimweka kuku mmoja kila ukurasa, pembeni, akiwa na shughuli zake. Ukurasa wa kwanza anatafuta pa kutagia. Wa tatu kaingia kwenye kapu. Watu wazima wanagombana juu ya mpaka, yeye anatoa kichwa kapuni. Wanakwenda kwa mzee, kapu linakwenda nao. Ukurasa wa mwisho majirani wanapatana, na vifaranga wanavuka mpaka bila kumwuliza mtu. Mtoto wa chekechea ambaye hajui a wala be anaweza kukusomea kitabu kile chote kwa kumfuata kuku, na nimewaona wakifanya hivyo, kidole kwenye karatasi, wakati mwalimu anasoma ule ugomvi ambao wao hauwahusu.

Miaka ikapita, kikatoka chapa nyingine. Sikuambiwa. Nilikikuta dukani, mtaa wa karibu na soko la kati. Kitabu kimepunguzwa ukubwa ili kibane karatasi, na badala ya kupunguza picha nzima walikata kingo. Kuku alikuwa anakaa kingoni. Ukurasa wa tatu umebaki mkia. Ukurasa wa tano miguu miwili bila mwenyewe. Mwisho vifaranga watatu wanatoka hewani. Halafu nikatazama ukurasa wa pili, pale kwenye sanduku la posta, na jina langu halikuwepo tena. Palikuwa pameandikwa kwamba michoro imetayarishwa na kitengo cha uchapaji.

Nilipiga simu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zote.

"Mwalimu, shikamoo. Hiyo michoro tulishailipia zamani, ipo kwenye kumbukumbu."

"Marahaba, mwanangu. Mlinilipa ili muitumie. Jina sikuliuza, na kuku sikumuuza vipande vipande."

Alicheka, akasema atamfikishia mkubwa wake. Michoro yenyewe, ile ya wino kwenye karatasi nzito, niliiulizia pia. Walihama ofisi, ikapotea. Simtaji mchapishaji huyo, na wala si yeye peke yake. Nimezungumza na wenzangu wa Arusha na wa Dar es Salaam na kila mmoja ana kuku wake.

Najua watajibu nini, na mengine ni kweli. Soko la vitabu vya hadithi ni dogo. Wachapishaji wetu wengi waliishi kwa vitabu vya kiada, na tangu ile kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, ilipovunjwa mwaka 2013 na uchapishaji wa vitabu vya kiada kurudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania, mlo wao mkubwa ulikwisha. Mtu anayehangaika kulipa karani wake si rahisi kumdai mrabaha wa mchoraji. Naelewa. Nilipolipwa mkupuo kwa kitabu changu cha pili nilinunua mabati ya banda la ng'ombe, nikashukuru, na mabati yale yapo mpaka leo. Lakini jina ni wino kiasi gani? Kuliweka jaladani hakuongezi hata senti moja kwenye bei ya karatasi.

Kufasiri kulinijia baadaye kidogo. Mchapishaji mmoja alipata haki za vitabu vya picha kutoka nje, akatafuta mtu anayejua Kiingereza na anayejua watoto. Watu hufikiri kazi hii ni nyepesi kwa kuwa maneno ni machache. Ngoja nieleze. Vitabu vya aina hiyo mara nyingi huchapwa kiwanda kimoja kwa lugha nyingi kwa mpigo. Sahani tatu za rangi hazibadilishwi; inayobadilishwa ni ile nyeusi peke yake, yenye maandishi. Maana yake picha hairuhusiwi kuguswa, na maneno yako lazima yaingie kwenye nafasi iliyoachwa, hata kama ni wingu jembamba juu ya paa la nyumba. Maneno yetu ni marefu. Mstari unavunjika, wingu linajaa, unaanza upya. Nilikuwa nasoma kila rasimu kwa sauti jikoni, na jirani mmoja aliwahi kumwuliza binti yangu kama mama anaumwa.

Kitabu kimoja kilikuwa na watoto wanaovingirishana kwenye theluji. Wajukuu wa Moshi wanaiona theluji ya Kibo karibu kila asubuhi kukiwa hakuna mawingu, kwao si kitu kigeni kama watu wa bara na pwani wanavyodhani. Lakini hawajaigusa. Mmoja akaniuliza, "Bibi, hawa wamepandishwa na wagumu?" Wagumu ndio wapagazi wa mlimani, na kwa hesabu yake mtu akiwa kwenye theluji lazima yupo karibu na mita 5,895, na mizigo yake kabebewa. Picha siruhusiwi kuigusa. Niliongeza nusu sentensi tu kwenye maandishi, kwamba theluji ilishuka usiku mpaka mlangoni kwao, na swali lile halikuulizwa tena.

Na kuna ukurasa ulionikosesha usingizi. Mtoto anafungua mlango wa stoo, na kilichomo kinaonekana baada ya kufunua ukurasa. Kwa Kiingereza siri inakaa mpaka neno la mwisho. Kwetu kitenzi kinaropoka mapema: ukiandika "alikuwemo" msikilizaji ameshajua ni kiumbe hai, ukiandika "kilikuwemo" ameshajua si kiumbe. Nikaikata sentensi pale mlangoni. Akasukuma mlango, akachungulia. Basi. Unafunua, na picha inasema yenyewe. Mhariri akauliza sentensi iliyobaki iko wapi, nikamwambia ipo kwenye picha. Nadhani mfasiri ambaye hajawahi kuchora angeijaza nafasi ile, kwa uaminifu kabisa, na kuiharibu.

Ndiyo maana siwatenganishi hawa wawili katika barua hii. Mchoraji wa kitabu cha mtoto anaifasiri hadithi kwa macho, na tafsiri nzuri kwa mtoto ni ile iliyotazama mchoro kwanza. Wa zamani walilijua hilo. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya St. Lo de Malet ya kile kitabu cha Lewis Carroll. Michoro maarufu ya John Tenniel ilichorwa upya, na Elisi akawa binti wa Kiafrika. Mtu anaweza kubishana kama ilikuwa sawa au la, mimi mwenyewe hubadili mawazo kila nikiifikiria, lakini aliyeamua vile aliona kwamba kubadili lugha na kuacha picha ni kufanya kazi nusu. Mwaka 2015 kitabu kilekile kilipata tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis. Na Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, sijasikia mtu akisema mfasiri si wa kutajwa. Labda kwa sababu alikuwa Rais.

Nje wanafanyaje? John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, anaandika na kuchora hadithi za wanyama kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Vitabu vyake vilichapwa Uswisi kuanzia mwaka 2001, na huko jina lake linajulikana kwa watoto ambao hawajui Sumbawanga iko upande gani. Ile bodi ya kimataifa ya vitabu vya watoto, IBBY, inatoa tuzo ya Andersen kwa waandishi tangu mwaka 1956 na kwa wachoraji tangu 1966, na orodha yake ya heshima ina sehemu tatu: waandishi, wachoraji na wafasiri. Wala tusiende mbali. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini ulioanza mwaka 2014, unatoa hadithi bure kwenye mtandao, nyingi zikiwa kwa Kiswahili, na kila hadithi inataja nani kaandika, nani kachora, nani kafasiri. Kitabu cha bure kinawataja wote watatu. Kitabu ninachokinunua kwa pesa yangu kinanitajia kitengo cha uchapaji.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda michoro, inalinda tafsiri, na inampa mwenye kazi haki ya kutajwa kwamba kazi ni yake. Na tangu mwaka 2023 tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu, ambayo baadaye iliingiza hadithi za watoto. Nilifurahi sana. Ninachowaomba waandaaji ni kimoja: hadithi ya watoto inapoitwa jukwaani, aliyeichora naye aitwe.

Kwa upande wa gazeti lako, Mhariri, ombi ni dogo zaidi. Mnapoweka mchoro wa kitabu, andikeni jina la mchoraji. Mnaposifu kitabu kilichofasiriwa, mtajeni mfasiri. Mkiwa hamlijui, mchapishaji anapigiwa simu, na asipolijua hapo mna habari nyingine ya kuandika.

Kwa vijana wanaochora, nawaandikia kama mama. Wengi mnajua zana za kompyuta kuliko mimi nitakavyojua maisha yangu yote, lakini mkataba mnasaini mkiwa mmesimama. Kaeni. Someni kama mnauza mchoro au mnaruhusu utumike. Andikeni ni kwa chapa ngapi. Andikeni kwamba kukata picha ni mpaka muulizwe. Andikeni michoro halisi irudi, na irudi lini. Jina lenu liandikwe jaladani, na hilo liwe kwenye mkataba, lisiwe ahadi ya simu. Wakiwaambia "hatuna utaratibu huo", waambieni utaratibu huanzishwa na mtu.

Jambo la mwisho ni kazi niliyonayo mezani. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwa Kimochi, Kichaga cha Old Moshi, hadithi ya Mrile, kijana aliyekwenda na mama yake kuchimba magimbi, akaona gimbi moja zuri kama mdogo wake. Akalificha kwenye pango la mti, likawa mtoto, akawa analipelekea chakula kila siku na yeye mwenyewe anakonda. Wazazi wakamvizia, wakamwua yule mtoto. Mrile akachukua kigoda cha baba yake, akakaa, akaimba mpaka kigoda kikapaa, akapita kwa wakata kuni, wakata majani, walimaji, wachungaji na wachota maji, mpaka kwa mfalme wa mwezi, ambako watu walikula vibichi kwa kuwa hawakujua moto. Akawafundisha kupekecha moto. Mmishenari Johannes Raum aliiandika kwenye kitabu chake cha sarufi kilichotoka Berlin mwaka 1909, na Alice Werner akaisimulia kwa Kiingereza mwaka 1933. Mimi nimeifasiri kutoka kinywani mwa bibi, na nimeichora.

Wachapishaji wawili wameisoma. Wote wameniambia ni nzuri ila inatisha, wazazi wanaua, je, siwezi kuwafanya wamfukuze tu yule mtoto? Siwezi. Ukiondoa hilo Mrile hana sababu ya kupaa. Na sijachora mauaji. Ukurasa ule una mti, pango lake likiwa jeupe tupu, na kibuyu cha maziwa alichokileta Mrile kimesimama chini, bado kimejaa. Hakuna mtu. Nimewaonyesha watoto wa mtaani kwetu, wa darasa la pili na la tatu. Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema, "Fungua mbele." Watoto wanaweza kulibeba. Wanaoshindwa ni watu wa ofisini.

Kurasa 32 zipo tayari, kwa rangi, tafsiri imesahihishwa na imesomwa jikoni kwa sauti mpaka jirani amezoea. Mchapishaji anayeitaka anikute Majengo, akiuliza mwalimu anayechora ataonyeshwa nyumba. Chai ipo. Aje na mkataba ambao haujasainiwa, na peni mbili.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi